Muhuri wa Wakili na Haki ya Mfanyakazi

Muhuri ni kitu kidogo. Hukaa mfukoni, hugusishwa wino, na kazi yake humalizika kwa pigo moja tu la mkono. Lakini pigo hilo likikosewa, au lisipopigwa kabisa, mtu aweza kupoteza kazi, nyumba au shamba. Leo twataka kulizungumza jambo hili waziwazi, maana limeachwa kwa muda mrefu kana kwamba ni la wanasheria peke yao, hali wanaoumia ni wafanyakazi na wakulima ambao hata jina la kosa lenyewe hawalijui.

Tumfikirie mtu mmoja, kuli wa ghalani au mpishi wa hotelini, aliyefukuzwa kazi baada ya kutumika miaka kumi na miwili. Alipeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Tume ikamwamulia kinyume. Sheria ya kazi yampa majuma sita, tangu siku aliyopewa uamuzi, kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba uamuzi ule upitiwe upya. Akopa nauli, amtafuta wakili, hati ya kiapo yaandikwa, yapigwa muhuri, yapelekwa mahakamani. Miezi yapita. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mwajiri asimama na kusema neno moja tu: kwamba pale Kamishna wa Viapo alipotia sahihi yake, hakuandika kiapo kiliapwa mahali gani. Jaji aitazama karatasi, naye aona kuwa ni kweli. Hapakuandikwa Dar es Salaam, wala Tanga, wala Mwanza. Ombi laondolewa mahakamani. Majuma sita yalikwisha zamani. Hakuna aliyefika kwenye swali lenyewe, kwamba mtu yule alifukuzwa kwa haki au kwa dhuluma.

Mtu huyo hatukumtaja jina kwa sababu ni wa mfano. Lakini kila aliyezoea kukaa katika mabenchi ya mahakama ajua kwamba mfano huu haukutoka mbali.

Kabla ya kulaumu, yafaa kwanza tuelewe alama hizi ziliwekwa kwa nini. Katika hati ya mahakamani hutafutwa alama tatu. Ya kwanza ni sahihi ya mwenye shauri. Kwa sahihi hiyo asema: maneno haya ni yangu, nami nitayasimamia. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, nalo lina nguvu ile ile. Ya pili ni jina na anwani ya mtu aliyeitayarisha hati. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ndiyo iliyoagiza hivyo, ili hati isije ikazaliwa bila baba, na ili mtu asiyeruhusiwa asijifiche nyuma ya karatasi akatoza watu fedha. Ya tatu ni sahihi na muhuri wa Kamishna wa Viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri mashuhuri la Matovu, ilieleza kwamba hati ya kiapo ni badala ya ushahidi wa mdomo. Maana yake ni kwamba karatasi ile yasimama kizimbani mahali pa mtu. Shahidi aliye hai huapa mbele ya hakimu, akaonekana uso wake na kusikika sauti yake. Karatasi haina uso. Kwa hiyo sheria humweka Kamishna wa Viapo awe jicho la mahakama: amwone mwapaji kwa macho yake, amjue au atambulishwe kwake na mtu anayemjua, amsikie akiapa, ndipo atie sahihi. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, yamtaka aandike kwa kweli ni mahali gani na tarehe gani kiapo kiliapwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 yamtaka aandike na jina lake. Tena yamkataza kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi ndani yake.

Masharti haya si mapambo. Tuseme mwenye deni ashitaki, na tarishi aapa kwa hati kwamba alikupelekea wito wa mahakama nawe ukaukataa. Ikiwa tarishi yule hakufika kwako kamwe, wala hakusimama mbele ya Kamishna yeyote, bali karatasi ilipigwa muhuri huku wenyewe wakiongea habari za mpira, basi shauri laweza kusikilizwa pasipo wewe kuwapo, hukumu ikatolewa, na siku moja dalali wa mahakama akafika mlangoni pako. Siku hiyo ndipo utakapojua kwamba swali la kiapo kiliapwa wapi, lini na mbele ya nani si swali la upuuzi. Laiti pangeandikwa mahali na tarehe, ungeweza kuthibitisha kwamba siku hiyo tarishi alikuwa mji mwingine. Muhuri wa kweli humlinda mnyonge. Muhuri wa uongo humwangamiza.

Kwa hiyo hatuungani na wale wasemao kwamba mambo ya mihuri yafutwe yote, eti ni urithi wa Mwingereza tu. Ni kweli kwamba sheria hizi zilianza enzi za ukoloni, wakati mawakili wa Kiafrika nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Lakini mwaka 1961, Chuo Kikuu kilipoanza mafunzo yake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kitivo cha kwanza kilikuwa ni cha sheria. Kufundisha vijana wetu sheria kulitazamwa kuwa sehemu ya kujitawala. Basi chombo hiki ni chetu sasa, na kama kina kutu, kutu hiyo ni juu yetu kuisugua.

Kutu yenyewe iko wapi? Iko kwanza katika uvivu. Wako mawakili wanaoacha mihuri yao mikononi mwa makarani, makarani wakapiga muhuri asubuhi, na sahihi zikatiwa jioni kwa rundo, mwapaji hajaonekana wala hajaulizwa neno. Kisha wako wale ambao wananchi wamewapa jina la vishoka, watu wasio mawakili kabisa, wakaao vibarazani karibu na mahakama, wenye mihuri ya kuchongesha mitaani na majina ya kuazima. Kishoka hutoza nusu ya fedha anayotoza wakili, na maskini hudhani ameokoa fedha, mpaka siku karatasi yake itakapokataliwa. Na tangu kanuni za mwaka 2018 ziruhusu hati kupelekwa mahakamani kwa njia ya mtandao, umezuka mlango mpya wa udanganyifu: picha ya muhuri ikishaingia ndani ya kompyuta, yaweza kubandikwa juu ya karatasi mia, na mwenye muhuri asijue.

Kutu nyingine iko katika lugha. Kwa miaka mingi mfanyakazi wetu ameapa kwa maneno asiyoyaelewa. Ameambiwa, tia sahihi hapa, na hapa, na hapa, akatia. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba yote aliyoyasema ni kweli kwa ujuzi wake mwenyewe. Ujuzi gani, hali hakujua kilichoandikwa? Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa imeacha nafasi ya Kiingereza pale ambapo haki yahitaji hivyo. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini sheria haiandiki hati. Hati huandikwa na wakili. Wakili aandikaye kiapo cha mpagazi kwa lugha ya kigeni, pasipo sababu, amtia mtu yule katika hatari ya kuapa uongo asioujua.

Sasa tulijie swali gumu. Kosa likishaonekana katika muhuri au sahihi, nani alipe?

Mahakama zetu kwa muda mrefu zilishika njia kali. Katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kutaja mahali pa kuapia ni sharti la lazima, si la hiari. Katika rufani iliyotokana na uchaguzi wa Songea, Rufani ya Madai Na. 140 ya mwaka 2006, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba wakili afanyaye kazi bila cheti cha mwaka kilicho hai havunji sheria tu, bali na yale ayafanyayo kwa cheo hicho hayana nguvu. Na ikumbukwe kwamba cheti cha wakili hufikia mwisho wake kila tarehe 31 Desemba. Wakili asiyekihuisha kwa wakati haandiki tangazo mlangoni pake. Mteja aja Februari, alipa, apokea karatasi nzuri yenye muhuri wa duara, hajui kwamba aliyeipiga hana ruhusa.

Twaelewa sababu ya ukali huo. Mahakama ikiikubali kazi ya mtu asiye na cheti, yaonekana kama yaubariki uvunjaji wa sheria. Lakini hebu tutazame adhabu yaangukia kichwa cha nani. Wakili amekwisha kupokea fedha yake. Akiwa na aibu atasema pole. Mteja ndiye aliyepoteza shauri. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na hapa mzigo wa mteja ni mwepesi mno begani mwa yule aliyeusababisha.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo, kisha wakageuka. Mwaka 2009 Mahakama yao ya Rufani, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Wilson Ndolo Ayah, ilishika kwamba hati iliyotayarishwa na wakili asiye na cheti ni batili. Mwaka 2012 Bunge lao liliingiza kifungu kipya katika Sheria ya Mawakili, kusema kwamba hati haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, iliiacha ile kanuni ya zamani. Ilitofautisha mtu aliyevunja sheria na mtu aliyemwendea kwa nia njema. Ni kweli kwamba aliyenusurika siku ile alikuwa ni benki, wala hakuwa kabwela. Mkopaji ndiye aliyetaka kujinasua katika dhamana kwa kosa la wakili. Lakini kanuni njema haiulizi nani ameitangulia mlangoni. Ikiwa benki yenye wanasheria wake yaweza kudanganyika juu ya cheti cha wakili, itakuwaje kwa mama auzaye samaki feri?

Kwetu nasi dalili za kugeuka zimekuwapo. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, yaagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kifundi yawezayo kukwamisha haki. Mwaka 2018 Bunge, kwa Sheria Na. 8, liliweka katika sheria za mwenendo wa mashauri lengo kuu la kumaliza mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Baada ya hapo yamekuwapo maamuzi yaliyoruhusu hati ya kiapo yenye kasoro irekebishwe badala ya shauri zima kutupwa. Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa 2018, kwenye shauri la Baraza la Kijiji cha Mondorosi, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba lengo hilo haliwezi kutumiwa kwa upofu ili kuvunja masharti ya lazima. Basi mwananchi abaki katikati: leo kosa lake laweza kusamehewa, kesho kosa lile lile laweza kumtoa nje. Haki inayotegemea bahati ya siku haimtoshi mtu aliyekopa nauli.

Maoni yetu ni haya. Makosa ya muhuri na sahihi si ya aina moja, wala yasipewe dawa moja.

Liko kosa la kughushi. Muhuri wa bandia, sahihi ya mtu asiyekuwapo, kiapo ambacho hakikuapwa. Hapo pasiwe na huruma. Hati ile ni uongo mbele ya mahakama, nayo itupwe, na aliyeighushi apelekwe kwa polisi, awe ni kishoka, karani au wakili mwenye jina kubwa.

Liko kosa la wakili kufanya kazi bila cheti. Hapo mteja aliyemwendea kwa nia njema apewe nafasi ya kuleta hati nyingine iliyotayarishwa na mwenye ruhusa, na siku alizopoteza zisihesabiwe juu yake. Wakili naye apelekwe mbele ya Kamati ya Mawakili, arudishe fedha aliyopokea, na agharimie upande wa pili kwa usumbufu wake.

Na liko kosa la kusahau: mahali, tarehe, jina. Hapo jaji atoe siku chache za kurekebisha, shauri libaki pale pale, na gharama zitoke mfukoni mwa wakili mwenyewe, si mfukoni mwa mteja. Siku mawakili watakapoanza kulipa kwa fedha zao nafasi tupu walizoziacha, hapana nafasi tupu itakayobaki.

Wako watakaosema kwamba tukilegeza hivi tutazaa uzembe. Twauliza: ukali wa miaka yote hii umeuondoa uzembe? Haukuuondoa, kwa sababu ulimpiga asiyezembea. Mzazi hamchapi mtoto wa jirani ili wake apate kushika adabu.

Tena twakumbusha kwamba upande wa pili nao una haki. Mfanyakazi siye mwombaji siku zote. Mara nyingine ndiye anayejibu. Mwajiri naye huleta viapo. Kama kiapo cha meneja kina shaka, mfanyakazi ana haki ya kuomba muapaji aitwe aulizwe maswali kizimbani, na mahakama isimnyime kwa sababu tu karatasi ina muhuri mzuri. Muhuri ni mwanzo wa kuaminika, lakini haukuwekwa ili ufunge midomo ya watu.

Lakini hatutaki kuishia kuzungumza na Bunge na mahakama peke yake. Yako yaliyo katika uwezo wetu wenyewe, nayo yaanze leo katika matawi na mahali pa kazi.

Mfanyakazi asitie sahihi karatasi tupu, hata akiombwa na mtu anayemwamini. Hati ikiwa kwa lugha asiyoielewa, aombe isomwe kwa Kiswahili, na aridhike kabla ya kuapa. Aende mwenyewe mbele ya Kamishna wa Viapo, wala asikubali kuambiwa, acha tu hapa, utakuta tayari. Kabla ya kuondoka atazame mambo matatu kwa macho yake: mahali, tarehe na jina la aliyemwapisha. Mambo matatu hayo hayahitaji elimu kubwa; huyasoma hata mtoto wa darasa la nne. Adai stakabadhi ya fedha aliyolipa, na abaki na nakala ya kila hati. Jina la wakili liulizwe: Mahakama imeweka orodha ya mawakili katika mtandao, na kijana yeyote mwenye simu aweza kumsaidia mzee wake kutazama kama jina limo na kama cheti ki hai.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao wana wajibu. Sheria yawaruhusu kumwakilisha mwanachama mbele ya Tume na hata mbele ya Mahakama ya Kazi. Ruhusa hiyo ni silaha, na silaha isiyonolewa haiui nyoka. Kila tawi liwe na mtu mmoja aliyejifunza hati hizi, ajuaye fomu za Tume hutiwa sahihi na nani, na anayehesabu majuma sita katika kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Wafuatwe waje kufundisha, wasingojewe mpaka mtu ameangamia.

Kwa mawakili twasema kwa heshima. Wengi wenu ni watu wa kazi na wa kweli, na wako waliowatetea maskini bila kupokea hata senti. Ninyi ndio wa kwanza kudhulumiwa na vishoka, maana huuza majina yenu. Basi lindeni mihuri yenu kama mlinzi alindavyo ufunguo wa ghala. Msiiache mezani mwa karani. Msitie sahihi juu ya uso msiouona. Mkumbuke kwamba mtu aliye mbele yenu amewakabidhi jambo asilokuwa na nguvu ya kulichunguza, na kwamba kwake nafasi ile ndogo mnayoiacha tupu ndiyo mkate wa watoto wake.

Muhuri ni ahadi. Wakili akiupiga, aiambia mahakama na kumwambia mteja: nimeona, nimesikia, nami nitajibu nikiulizwa. Ahadi ikivunjwa, aulizwe aliyeiahidi. Hatutachoka kuyasema haya mpaka iwe kawaida katika nchi hii kwamba kosa la mwenye muhuri halilipwi na mwenye jembe.